Kibao Namba Tisa

Jumatano ya mwisho ya mwezi wa Aprili, mwaka wa saba tangu tupate uhuru, nilimpoteza mdogo wangu. Kwa mama yetu tulizaliwa wawili tu, kwa hiyo nikisema mdogo wangu sina haja ya kueleza ni yupi. Alikufa ndani ya stoo ya mahindi pale Kakamega mjini, mwanzo wa barabara ya Mumias, mchana, watu wakiwa kazini. Kabla ya kufa aliomba msaada. Aliyeombwa ni mimi.

Haya nimeyasimulia mbele ya watu mara moja tu, na siku hiyo sijui kama nilieleweka. Ndiyo maana nayaandika. Nilisoma hadi darasa la saba. Nitayaweka jinsi yalivyokuwa.

Kazi yangu ilikuwa kukaa katika chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la vitambaa, nikiangalia ubao. Kampuni yetu ilikuwa ndogo. Iliajiri walinzi wachache wa milangoni, na ilikuwa na kitu ambacho watu wa mjini walikiona kama uchawi wa kizungu: waya kumi na mbili zilizotoka madukani na kwenye mastoo, zikapita juu ya nguzo, zikaingia dirishani kwetu. Chini ya meza ya mwenye mali kulikuwa na kitufe. Akikibonyeza, umeme wa betri ulikimbia kwenye waya wake mpaka chumbani kwetu, kengele ikalia, na kibao kidogo cha bati chenye namba kikaanguka kwenye ubao, chwa. Kikishaanguka hubaki chini hivyo hivyo mpaka mtu akirudishe juu kwa kidole. Ndivyo tulivyojua ni nani anaita.

Ukutani palibandikwa karatasi ya meneja, yenye maagizo matatu. Kibao kikianguka, piga simu mahali hapo. Usipojibiwa, tuma mtu wa baiskeli. Kisha andika kitabuni saa na kilichoonekana. Mtu yeyote angeweza kuyashika. Mimi niliyashika kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa bila kukosa.

Kilichotuharibu ni mvua. Aliyekaa Kakamega anajua mvua yetu haibishi hodi. Asubuhi jua kali, saa saba mawingu yanajikusanya juu ya msitu, saa tisa radi. Inakuja hivyo karibu kila siku, miezi na miezi. Na radi ikipiga popote karibu na nguzo, waya hushtuka na vibao huanguka vyenyewe. Kimoja, viwili, siku nyingine saba kwa mkupuo, kengele ikilia kama ya shule iliyoshika moto. Mwanzoni tulipiga simu zote na kutuma mtu kila mahali. Mtu wetu wa baiskeli alikuwa mzee mwenye miguu ya chuma na mdomo usiopumzika. Alirudi akichuruzika maji mpaka kwenye ngazi.

"Namba mbili wako salama," alisema siku moja. "Wanacheza bao. Namba tano wako salama, wamenicheka. Namba kumi wamenipa chai, Mungu awabariki. Sasa nisikilize, kijana wa ubao. Ukinituma tena kwa sababu ya radi, nitaikamata hiyo radi niilete hapa muongee wenyewe."

"Ni agizo la meneja, mzee."

"Meneja analoanga? Mimi ndiye ninaloa!"

Tukaanza kulegeza. Mvua ikija tulizima swichi ya kengele ili tusikie hata mawazo yetu, tukaacha vibao vianguke vinavyotaka, na mvua ikiisha tukavirudisha vyote pamoja na kuandika kitabuni neno moja: mvua. Baada ya muda tuliona hata hilo ni taabu. Kwa kuwa kila siku neno lilikuwa ni lile lile, tulianza kuliandika mapema, baada ya chakula cha mchana, mkono ukiwa bado haujachoka. Namba moja, mvua. Namba mbili, mvua. Mpaka kumi na mbili. Saa ya kibao kuanguka tulikuwa tukiijaza baadaye.

Ningependa kusema tabia hiyo ilianzishwa na mwenzangu wa zamu nyingine. Nimekifungua kile kitabu mara nyingi. Mwandiko wa kwanza wa namna hiyo ni wangu.

Mdogo wangu alikuwa karani na mlinzi wa stoo, namba tisa. Kazi ile nilimtafutia mimi. Alikuwa ameoa miaka miwili kabla, mke kutoka Lugari, ambako wazazi wake walikuwa wamepata shamba katika yale yaliyokuwa ya Wazungu. Walipanga nyumba ya vyumba viwili upande wa pili wa mji. Mimi sikuwa nimeoa. Nilikuwa na chumba, kitanda, jiko la mafuta ya taa, na Jumapili nilikwenda kwao kula.

Kila asubuhi saa mbili kila mahali palitakiwa kubonyeza kitufe ili tujue waya ni mzima, kisha tuwapigie simu kuthibitisha. Wengine walisema "sawa" wakakata. Mdogo wangu hakukata.

"Namba tisa," nilimwambia.

"Mulembe, mkubwa. Umelala vizuri?"

"Mulembe. Nimelala."

"Umekula nini?"

"Chai."

"Chai si chakula, hiyo ni maji yenye rangi. Jana shemeji yako alichinja kuku, akapika ingokho, tukakungoja mpaka obusuma ikapoa kama ugali wa juzi. Mguu wako nimekula mimi."

"Kwani nilikuwa na mguu?"

"Ulikuwa nao. Sasa huna."

"Kata simu, kuna watu wengine kumi na mmoja."

"Hao wengine hawana kaka," alisema, na ndipo akakata.

Hayo mazungumzo ya dakika moja ndiyo yaliyokuwa maongezi yangu ya siku. Baada yake nilikaa na ubao, na saa ya ukutani, na betri zilizonuka asidi pembeni. Mzee wa baiskeli alipendelea kukaa chini barazani na fundi cherehani.

Jumatano ile nilikula mapema. Saa nane kamili niliandika mvua, mvua, mvua, kuanzia moja hadi kumi na mbili. Jua lilikuwa bado linawaka barabarani. Nilinunua njugu dirishani kwa kamba na kikapu, kama tulivyozoea, nikakaa nikimenya. Kwa mbali, upande wa msitu, ilisikika ngurumo moja ndogo. Nikazima swichi ya kengele.

Saa nane na dakika arobaini kibao namba tisa kilianguka.

Nilikiona. Sikuwa nimesinzia wala sikuwa nimetoka nje. Nilikiona kikianguka, nikatazama saa, nikatazama dirishani. Mjini hapakuwa na tone. Nikajisemea kwamba leo imeanza mapema. Nikaendelea na njugu.

Mvua ilifika saa tisa na dakika chache, kubwa, ya mawe. Vikaanguka namba nne, namba moja, namba kumi na mbili. Kuanzia hapo kibao namba tisa kilikuwa kimoja kati ya vinne, hakikuwa na tofauti na vingine. Na hapa kuna jambo ambalo niliwahi kulijua lakini sikuwahi kulifikiria: kibao kilichokwisha kuanguka hakiwezi kuanguka tena. Mtu akibonyeza mara moja au mara mia, kwenye ubao ni kitu kile kile. Na kengele ilikuwa imezimwa kwa mkono wangu.

Mvua ilikatika saa kumi kasorobo. Nikasimama kurudisha vibao. Namba moja kikakaa. Namba nne kikakaa. Namba tisa nilikisukuma juu, kikakaa kidogo, kikaanguka. Nikakisukuma tena. Kikaanguka papo hapo. Mara ya tatu, papo hapo, hakikutaka hata kunasa.

Radi hupiga ikaondoka. Haiegemei kitufe. Hilo nililielewa nikiwa nimesimama pale, kidole changu kikiwa bado kwenye bati. Nilipiga simu. Iliita, ikaita. Nikamwita mzee kutoka chini akae kwenye ubao, nikachukua baiskeli yake, nikaenda mwenyewe.

Hakukuwa na mwizi. Safu ya magunia ya mahindi ilikuwa imepangwa vibaya, ikawa inaoza na kulegea chini kwa unyevu, na siku ile ikamwangukia akiwa mezani kwake. Meza ilivunjika. Alikuwa amelala ubavu chini yake, magunia kifuani na miguuni, mkono wa kulia umenyooka mpaka kwenye kitufe. Wapakizi walikuwa wametoka kula dukani ng'ambo ya barabara, mvua ikawakutia huko, hawakusikia kitu. Tuliyaondoa magunia kwa pamoja. Alikuwa na joto bado. Hakuwa na uhai.

Daktari wa hospitali alinijibu kwa upole nilipomuuliza. Alisema mtu aliyebanwa kifua namna ile huweza kuishi nusu saa, huweza kuishi saa nzima, hawezi kuniambia kwa hakika. Nikamuuliza kama kile kidole kingeweza kubonyeza baada ya kufa, kwa uzito tu wa mkono. Akasema inawezekana. Nikamuuliza kama ingewezekana pia alikuwa hai. Akanitazama, akasema nalo linawezekana.

Kesho yake meneja aliniita ofisini. Alikuwa polisi mstaafu, mtu wa haki kwa kawaida. Alikuwa ametoa mbao za sanduku na lori la kumpeleka mdogo wangu nyumbani kwetu, upande wa Shianda, na hakutaka kushukuriwa. Kitabu kilikuwa wazi mbele yake.

"Pole sana, kijana wangu. Kaa."

Nikakaa.

"Radi ilikata waya wa namba tisa," alisema. "Ndivyo ninavyoelewa."

"Waya haukukatika, bwana. Kibao kilianguka."

"Kilianguka kwa radi. Kitabu kinasema mvua."

"Niliandika kabla ya mvua."

Alifunga kitabu polepole kwa viganja viwili. "Unajua kuna watu wangapi hapa wanaokula kwa waya hizi? Wenye maduka wakisikia, watazikata kesho. Mzee wa baiskeli ataenda wapi? Na wewe mwenyewe. Wewe una mama. Yule mjane ni wako sasa kumtazama. Unataka akutazame vipi?"

"Sijui, bwana."

"Watu watakuuliza huko nyumbani. Waambie radi. Kila mtu aliisikia. Si uongo mkubwa."

Sikukubali. Lakini pia sikukataa. Nilisema asante kwa lori, nikatoka. Sitaki mtu anifikirie kuwa nilisimama pale kama shujaa.

Kwetu, siku ya tatu baada ya mazishi watu hunyolewa nywele. Kabla ya wembe kutolewa, ukoo hukaa uwanjani na mtu mmoja wa familia husimama kueleza jinsi marehemu alivyokufa, tangu mwanzo mpaka mwisho, ili baadaye asitokee mtu akanong'ona yake. Aliyekuwa naye mwishoni ndiye husimama. Anayoyasema huandikwa vichwani mwa watu na hakuna anayekuja kuyabadilisha. Siku tatu zile nilihesabu watu waliokuwa wakinitazama, na wote walijua ni mimi wa kusimama.

Mke wa mdogo wangu alikaa kwenye mkeka na wanawake. Mimba yake ilikuwa ya miezi sita. Tangu nifike hakuwa ameniuliza lolote, alikuwa akiniletea chakula tu, kama Jumapili zote. Hilo ndilo lililonitesa. Nikisema radi, Jumapili zitabaki. Nitakuwa na mahali pa kwenda. Mtoto akizaliwa nitambeba. Nilikuwa na hofu ya kupoteza kazi, ndiyo, lakini kazi si kitu. Nilikuwa na hofu ya kubaki peke yangu duniani na kile chumba.

Baba yetu mdogo, aliyekuwa akiongoza, aliniita. Meneja alikuwa amekuja, amekaa nyuma kwenye kiti, kofia magotini.

Nilianza na asubuhi. Nikasema tuliongea kwenye simu saa mbili, akanitania. Watu wakatikisa vichwa, wengine wakatabasamu, maana walimjua. Kisha nikafika kwenye saa nane. Nikasema, "Niliandika mvua kabla mvua haijanyesha."

Walio wengi hawakuelewa. Ilinibidi nieleze ubao, kitufe, kibao. Nilieleza kwa mikono. Nikasema kibao chake kilianguka saa nane na dakika arobaini na mimi nilikiona, sikupiga simu, sikutuma mtu, nilikuwa nakula njugu. Nikasema nilikwenda saa kumi kasorobo. Nikasema daktari alivyosema. Nikasema pia kwamba nilipokirudisha mara ya kwanza kilikaa kidogo kabla ya kuanguka, na mara mbili zilizofuata hakikukaa, na kwamba sijui kama mara ile ya kwanza mkono wake ulikitoka kitufe ukabonyeza tena, au ni uzito tu wa mkono uliolala.

Shangazi mmoja aliuliza kwa sauti kubwa, "Kwa hiyo alikuita?"

"Aliniita, shangazi."

"Na ukasikia?"

"Niliona."

"Ni kitu kimoja," alisema.

"Ni kitu kimoja," nilijibu.

Mke wa mdogo wangu akainua uso kutoka mkekani. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama ya mtu anayeuliza bei ya chumvi.

"Shemeji. Hiyo mara ya kwanza, kilikaa kwa muda gani?"

"Kama mtu kuvuta pumzi mbili."

Aliitikia kwa kichwa. Akafungua kitambaa chake, akainamisha kichwa mbele ili anyolewe. Baba mdogo akasema wembe uletwe.

Meneja aliondoka na lori bila kunitafuta. Nilirudi mjini siku ya pili kwa basi.

Hakunifukuza. Nafikiri alitaka, lakini hakuwa na mtu mwingine aliyejua betri. Kwa wiki mbili hakunisemesha. Wenye maduka watatu walikata waya zao, kama alivyosema. Mwenye stoo aliung'oa wa namba tisa kwa mkono wake mwenyewe. Siku moja meneja akapanda ngazi, akasimama mlangoni, akauliza ninahitaji nini ili jambo lile lisitokee tena. Nikamwambia ninahitaji taa.

Fundi mmoja kutoka upande wa Sigalagala ndiye aliyezitengeneza. Kila namba ilipata balbu ndogo juu ya kibao chake, inayowaka kidole kikiwa kwenye kitufe na kuzimika kidole kikitoka. Mtu akibonyeza mara mia, sasa utaona mara mia. Swichi ya kengele tuliiondoa kabisa, tukafunika tundu lake kwa bati na misumari. Betri tulizipima asubuhi na jioni. Kitabu kipya nilikipiga mistari mwenyewe, na sehemu ya neno la mwisho niliiweka baada ya jina la mtu aliyekwenda, ili isiweze kujazwa kama hakuna aliyekwenda.

Watu waliokuja baadaye kujifunza kazi ile walidhani siri iko kwenye vyombo. Walipenda balbu. Niliwaambia vyombo ni vizuri, nami niliviomba, lakini hata vile vya zamani vilifanya kazi yao siku ile. Kitufe kilifanya kazi. Waya ulifanya kazi, pamoja na radi zote. Kibao kilianguka saa ile ile. Kitu pekee ambacho hakikufanya kazi kwenye chumba kile kilikuwa kinamenya njugu. Chumba cha namna hii kinaaminika pale tu aliyekaa ndani anapoiamini kengele ya mia na moja baada ya mia kuwa za uongo, na hilo huwezi kulinunua kwa fundi. Inabidi ulifanye upya kila siku, na linachosha, na hakuna anayekushukuru, maana siku nyingi kweli huwa ni mvua.

Mzee wa baiskeli alilowa tena kama zamani. Hakutania tena. Alikuwa akipanda, anasema "hakuna kitu," anashuka. Mwenzangu wa zamu nyingine aliona kwamba nimewaaibisha wote kwa kusema, akawa ananiachia ufunguo kwa fundi cherehani ili tusikutane. Saa mbili asubuhi nilipiga simu, wakasema sawa, wakakata. Niliendelea kuongea na watu wanane kila asubuhi, na nikimaliza, sauti yangu ilikuwa imetumika kwa kutwa.

Mke wa mdogo wangu alirudi kwao Lugari kabla ya kujifungua. Sikuagwa. Nilipata habari kwamba ni msichana. Nilituma nguo za mtoto na watu waliokuwa wakienda huko kwa mahindi, mara mbili, na mara zote mbili waliniambia zilipokelewa, hawakuniambia lingine. Jumapili nilikuwa naomba zamu. Meneja alidhani ni bidii.

Mke wa mdogo wangu alikuja mara moja, mwaka wa nne baadaye. Alikuwa amekuja hospitali kwa ajili ya macho ya mama yake, na alikuwa na muda kabla ya basi la kurudi. Nilisikia viatu kwenye ngazi, nikadhani ni mwenye nyumba. Alisimama mlangoni na mkoba wake.

"Hodi, shemeji."

"Karibu. Karibu ukae."

Kulikuwa na kiti kimoja. Nikampa, nikakaa juu ya sanduku la betri. Nikammiminia chai kutoka kwenye chupa. Akaniuliza afya ya mama, nikamwambia. Nikamuuliza ya mtoto, akasema anakimbia, anavunja vikombe. Alikuwa akitazama ubao. Hakuwahi kuuona.

"Ndio huu?"

"Ndio huu."

"Nilifikiri ni mkubwa."

"Hapana. Ni huu tu."

Mvua ilikuwa imeanza kitambo. Alikuwa amefungua mdomo kusema kitu, naamini hivyo, ndipo kengele ikalia na namba nne kikaanguka. Nikasema, "Niwie radhi, shemeji," nikageuka. Balbu haikuwa inawaka. Nilipiga simu, haikujibiwa. Nikagonga sakafu kwa fimbo, mzee akapanda, nikamwambia namba nne, akavaa koti lake la mpira akatoka bila neno. Nikaandika saa. Baada ya hapo nikabaki nimesimama nikiitazama ile balbu, kwa maana ndivyo tunavyofanya mpaka mtu arudi, na sikumtazama mgeni wangu.

Mzee alirudi akichuruzika. "Hakuna kitu. Simu yao imekufa."

Nikaandika jina lake, kisha nikaandika mvua.

Nilipogeuka, mke wa mdogo wangu alikuwa akitazama saa ya ukutani. Kikombe kilikuwa tupu magotini mwake.

"Dakika kumi na nne," alisema. "Na mzee ni mzee."

"Ndiyo, shemeji."

"Pale stoo ni mbali kuliko hapo alipokwenda?"

"Ni karibu zaidi."

Akaweka kikombe juu ya meza, taratibu, kisifanye mlio. Akasimama, akajifunga leso kichwani kwa ajili ya mvua. Nami nikasimama kumsindikiza mpaka kituoni, kama inavyopasa, nikanyoosha mkono kuchukua mkoba wake. Kengele ikalia. Namba saba kilikuwa chini na balbu yake iliwaka, ikazimika, ikawaka.

"Nenda kazini," alisema.

Mzee, aliyekuwa bado mlangoni, alikuwa ameshageukia ngazi. Mke wa mdogo wangu akampisha apite, kisha akashuka nyuma yake. Mimi nilichukua mkono wa simu, nikaomba namba ya duka, nikasikia ikiita.